Naomba ushauri: wastani wa bei za nyumba wa kanda unasomwaje kabla ya kununua?

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam. Mimi na mwenzi wangu tumeishi katika nyumba ya kupanga kwa miaka 9, na sasa akiba yetu imefikia kiwango kinachotosha malipo ya awali ya mkopo wa nyumba. Tunasita kati ya kanda mbili. Ya kwanza ndiko ninakofanyia kazi. Nyumba zake ni ghali, na kwa mujibu wa takwimu rasmi wastani wa bei umekuwa pale pale kwa miaka miwili. Ya pili iko mbali kidogo na bei zake bado ziko chini, lakini wastani wake umepanda kwa asilimia 40 ndani ya miaka 5. Dalali anayetuhudumia ametuonyesha mchoro wa mstari unaopanda, akatusihi tusichelewe, kwa maelezo kwamba tukingoja mwaka mmoja zaidi hata huko hatutapaweza.

Ninachoomba kufahamishwa ni hiki: je, wastani wa bei wa kanda nzima unaweza kuniambia kama nyumba nitakayonunua itapanda au itashuka thamani? Na kama hauwezi, unaniambia nini hasa? Hii ndiyo akiba yetu yote, kwa hiyo nitashukuru kupata majibu ya watu waliowahi kuzifanyia kazi takwimu hizi, au walionunua nyumba kwa kuzitegemea.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nimefanya kazi ya uthamini wa majengo kwa muda mrefu, na swali lako ndilo ambalo wateja wengi huliuliza baada ya kununua, si kabla. Nakupongeza kwa kuliuliza mapema.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba wastani wa bei hupatikana kutokana na nyumba zilizouzwa katika kipindi hicho, na wala si kutokana na nyumba zote zilizopo. Chukua mfano wa kanda ndogo ambamo nyumba 10 zimeuzwa katika robo ya kwanza ya mwaka: 8 ndogo kwa bei ya 50 kila moja, na 2 kubwa kwa bei ya 200 kila moja. Wastani ni 80. Katika robo inayofuata zinauzwa tena nyumba 10, lakini safari hii ndogo ni 6 na kubwa ni 4, kwa bei zile zile. Wastani sasa ni 110. Mchoro utaonyesha kupanda kwa zaidi ya asilimia 37, ilhali hakuna nyumba hata moja iliyoongezeka thamani. Kilichobadilika ni aina ya nyumba zilizoingia sokoni. Ndiyo maana wengi wetu tunapendelea bei ya katikati, yaani ile inayopatikana ukizipanga nyumba zote kuanzia ya bei ya chini hadi ya bei ya juu na kuitazama iliyo katikati. Katika mfano huu inabaki 50 katika robo zote mbili. Hata hivyo, bei ya katikati nayo si kinga kamili, kwa sababu nyumba kubwa zikizidi nusu ya mauzo, nayo itaruka.

Wataalamu wamehangaika na tatizo hili kwa miongo mingi. Huko Marekani, wachumi Karl Case na Robert Shiller walijulikana kwa njia ya kulinganisha mauzo mawili ya nyumba ile ile kwa nyakati tofauti, ili mabadiliko ya bei yasichanganywe na mabadiliko ya aina ya nyumba. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba nyumba iliyouzwa mara moja tu haiingii katika hesabu, na nyumba iliyokarabatiwa kwa gharama kubwa kati ya mauzo mawili huonekana kana kwamba soko ndilo lililoipandisha. Fahirisi rasmi ya Uingereza, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za nyumba, ambayo kwa muundo wake wa sasa ilianza kutolewa Juni 2016, hufuata njia nyingine: hukokotoa mchango wa ukubwa wa nyumba, aina yake na mahali ilipo katika bei, kisha hukadiria bei ya nyumba yenye sifa zisizobadilika. Kwa hiyo kabla ya kuuamini mchoro wa dalali, muulize umetokana na wastani wa kawaida au na fahirisi iliyorekebishwa. Muulize pia kama bei zilizotumika ni zile zilizotangazwa na wauzaji au zile zilizosajiliwa baada ya mauzo kukamilika. Bei iliyotangazwa ni ombi la muuzaji. Bei iliyosajiliwa ndiyo aliyokubali kuipokea, lakini nayo huchelewa kuonekana kwa wiki au miezi, na takwimu za miezi ya karibuni hurekebishwa kila mauzo yaliyochelewa kusajiliwa yanapoongezwa.

Mchangiaji wa pili

Naongezea kutoka upande wa mtu aliyeumia. Nilinunua nyumba katika kanda iliyokuwa ikiongoza kwa kupanda bei. Sikujiuliza ni nini kinachoipandisha. Kumbe uchumi wa eneo lote ulishikiliwa na mwajiri mmoja mkubwa, na alipopunguza wafanyakazi, wapangaji waliondoka, nyumba za kuuzwa zikajaa, na yangu ilikaa sokoni kwa miezi 14 kabla ya kupata mnunuzi aliyenipa pungufu ya nilichotoa. Wakati huo huo wastani wa nchi nzima ulikuwa ukipanda.

Baadaye niligundua kwamba hili limetokea mahali pengi. Bei ya mafuta ghafi iliposhuka kuanzia mwaka 2014, nyumba za Aberdeen, mji unaotegemea mafuta ya Bahari ya Kaskazini, zilishuka bei wakati sehemu nyingine za Uskoti zikiendelea kupanda. Kule Australia, msukumo wa uwekezaji wa migodi ulipokwisha, bei za Perth ziliteremka kwa miaka kadhaa, katika kipindi ambacho Sydney na Melbourne zilipaa hadi mwaka 2017. Nakusihi ujue watu wa kanda ya pili wanafanya kazi gani na wanalipwa na nani. Mstari wa mchoro hauonyeshi jambo hilo.

Tena, hiyo asilimia 40 ipime na mfumuko wa bei. Iwapo bei za bidhaa nyingine zote zimepanda kwa asilimia 35 katika miaka hiyo hiyo 5, basi nyumba zimepanda kwa chini ya asilimia 4 tu kwa thamani halisi. Sijui mfumuko ulikuwa kiasi gani huko uliko, ila hesabu hiyo haikuchukui dakika tano.

Mchangiaji wa tatu

Kwa heshima zote, sikubaliani na mwelekeo wa majibu yaliyotangulia, kwa sababu yanaweza kumfanya ndugu yetu azitupe takwimu za kanda kabisa. Wastani una kasoro, lakini tofauti kati ya kanda na kanda ina habari muhimu. Uingereza, kwa mfano, kwa miongo kadhaa imeonekana tabia ya bei kuanza kupanda London, kisha kusini mashariki, na baadaye kuenea kama mawimbi hadi kanda za mbali, kwa kuwa walioshindwa bei za mji mkuu huhamia jirani. Ikiwa kanda yako ya kwanza imesimama na ya pili inakimbia, huenda unachokiona ni wimbi hilo hilo. Anayewahi hunufaika.

Mleta uzi

Nawashukuru nyote. Nimemwuliza dalali, na ameniambia kwamba mchoro wake ni wastani wa kawaida wa mauzo yaliyosajiliwa, usiorekebishwa. Naomba ufafanuzi juu ya hoja ya mchangiaji wa tatu: nitajuaje kama kupanda kwa kanda ya pili ni wimbi lenye msingi au ni joto la muda? Kanda hiyo ina ardhi nyingi tupu, na nimesikia kwamba palipo na ardhi nyingi bei hazianguki sana.

Mchangiaji wa kwanza

Hoja ya mawimbi ni ya kweli, na namshukuru aliyeileta, ila wimbi lina mpaka. Linapofika katika kanda ya jirani, pengo la bei kati ya kanda hizo mbili hupungua, na pengo hilo ndilo lililokuwa likiwasukuma watu kuhama. Kwa hiyo usitazame kasi ya kanda ya pili peke yake. Tazama bei yake ni sehemu gani ya bei ya kanda ya kwanza, na sehemu hiyo ilikuwa ngapi miaka 10 au 15 iliyopita. Ikiwa tayari imefika mahali ambapo haijawahi kufika, sehemu kubwa ya wimbi imekwisha kupita.

Kuhusu ardhi, mantiki ya kawaida ni hii: mahitaji yakiongezeka mahali penye milima, maji au masharti makali ya vibali vya ujenzi, nyumba mpya hazijengwi kwa wingi, hivyo shinikizo lote huishia kwenye bei. Mahali penye ardhi na vibali rahisi, shinikizo hilo huishia kwenye ujenzi, na bei hupanda polepole. Hiyo ina maana kwamba ardhi nyingi huzuia kupanda kwa muda mrefu, wala haikuahidi kinga dhidi ya kushuka. Mporomoko wa Marekani wa kati ya mwaka 2006 na 2012 unaonyesha jambo hili vizuri. Las Vegas na Phoenix hazikuwa na uhaba wa ujenzi, lakini mikopo rahisi na wanunuzi waliotaka kuuza haraka kwa faida vilizipandisha kwa kasi, na zote mbili zikapoteza zaidi ya nusu ya bei. Dallas, ambayo nayo ilikuwa ikijenga sana, ilikuwa imepanda kwa kiasi, na ikashuka kwa kiasi. Nchi ni moja na mfumo wa fedha ni mmoja. Kilichotofautiana ni jinsi bei zilivyokuwa zimejitenga na uwezo wa wakazi.

Nimelitafakari hili mara nyingi, na nimefikia kuamini kwamba kipimo chepesi kuliko vyote ni kodi ya pango. Mtu halipi kodi kwa sababu anatarajia itapanda. Hulipa kwa sababu anahitaji pa kuishi na anamudu. Bei zikipanda pamoja na kodi, kuna watu halisi wenye kipato halisi wanaotaka kukaa pale. Bei zikikimbia na kodi ikabaki nyuma, wanunuzi wanalipia matarajio.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mfanyakazi wa mikopo. Ningependa mleta uzi aangalie idadi ya mauzo pamoja na bei, kwa sababu bei inaweza kutulia huku soko limekauka. Riba zilipopandishwa Marekani kuanzia mwaka 2022, wamiliki wengi waliokuwa na mikopo ya riba ya chini isiyobadilika waligoma kuuza. Mwaka 2023 mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa yalikuwa machache kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu 1995, ilhali bei ya katikati kwa mwaka huo haikuanguka. Aliyetazama bei peke yake angedhani hakuna kilichotokea. Huenda kanda yako ya kwanza, unayosema imesimama, iko katika hali ya namna hiyo.

Na kwa wale wanaosema nyumba hazishuki, Ireland ilishuka kwa takriban nusu kati ya mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2013, na ilikuwa mwaka 2022 ndipo kiwango cha 2007 kilipofikiwa tena. Kilichopungua kwa nusu kinahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili kurudi kilipokuwa. Aliyeweza kuendelea kulipa mkopo wake na kukaa katika nyumba yake alivuka. Aliyelazimika kuuza katikati ndiye aliyebeba hasara. Kwa hiyo swali ambalo ningemwuliza mteja wangu ni kama ataweza kulipa kwa miaka 7 au 10 bila kulazimika kuuza, hata riba ikipanda na hata mmoja wenu akikosa kazi kwa muda.

Mleta uzi

Nimerudi baada ya wiki tatu. Tulikwenda katika ofisi ya usajili na kuomba orodha ya mauzo ya kanda ya pili kwa mitaa tunayoifikiria. Tuliyoyakuta yamenifumbua macho: sehemu kubwa ya mauzo ya miaka miwili iliyopita ni nyumba mpya za mradi mmoja ulioko upande wa pili wa kanda, nyumba kubwa kuliko zote zilizokuwapo awali. Katika mitaa yetu tulipata nyumba 11 zilizouzwa mara mbili ndani ya kipindi hicho cha miaka 5, na nyingi zimepanda kwa kiasi kisichotofautiana sana na mfumuko wa bei. Kodi ya pango nayo imepanda karibu kiasi hicho hicho. Kuhusu ajira, wakazi wanatoka katika shughuli za aina nyingi, na wengi husafiri kwenda kanda ya kwanza kama nitakavyofanya mimi.

Kwa hiyo tumeamua kununua katika kanda ya pili, lakini si kwa haraka ya mchoro ule. Tumepunguza kiwango cha mkopo tulichokuwa tumekiomba, ili mshahara mmoja uweze kukihimili kwa miezi kadhaa. Jumamosi tunakwenda kuiona nyumba ya tatu, na safari hii tumemwomba dalali atuletee kwanza bei ambayo nyumba hiyo iliuzwa mara ya mwisho, pamoja na mwaka.