Hoja yangu ilizimwa na mwenyekiti: utaratibu ukoje?

Diwani mpya: Wakuu, naomba msaada. Kwenye baraza la robo hii nilisimama nikataka fedha za uzio wa soko zihamishiwe zahanati ya kata yangu, ambayo haina maji. Mwenyekiti akasema "hoja haipo mezani," akaendelea. Alikuwa sahihi?

Karani mstaafu: Mheshimiwa, inawezekana. Hoja binafsi hupelekwa kwa maandishi kwa Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, mapema ili iingie kwenye ajenda. Siku zinazotakiwa zimeandikwa katika Kanuni za Kudumu za halmashauri yako, yaani kanuni zinazoongoza vikao; dai nakala, ni haki yako. Ila ulikuwa na njia nyepesi zaidi. Taarifa ya kamati ya fedha ilipowasilishwa, ungetoa hoja ya kurekebisha pendekezo la uzio, kwa maandishi: "ondoa maneno haya, weka haya." Mwenzako mmoja aiunge mkono, basi inaweza kujadiliwa. Marekebisho hupigiwa kura kwanza, kisha hoja ya msingi.

Diwani mpya: Na nikikatizwa tena?

Karani mstaafu: Simama, sema "utaratibu, Mwenyekiti," taja kanuni kwa namba. Usihutubie hapo. Halafu hakikisha uamuzi umeingia kwenye muhtasari, na kikao kijacho uusome vizuri kabla haujathibitishwa. Wagonjwa wako wanategemea karatasi ile.

Mkazi: Asante karani. Kumbe hata sisi wananchi tunaruhusiwa kukaa na kusikiliza?

Karani mstaafu: Ndiyo, njooni. Kuchangia ndiyo hapana.