Naomba ushauri: enjini inavuta hewa, sijui inapitia wapi

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nyakato, Mwanza. Gari langu ni dogo, la cc 1500. Wiki ya tatu sasa silensa (mzunguko wa enjini bila kukanyaga mafuta) haitulii: mshale wa mizunguko kwa dakika unapanda hadi 1,300, unashuka hadi 500, nikisimama kwenye foleni linataka kuzimika. Nikikanyaga mafuta linakwenda vizuri, hata kilima cha Bugando linapanda bila shida.

Fundi alipima kwa mashine ikaleta P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Akasema plagi. Nimebadilisha zote nne, hali ni ile ile na hela imeondoka. Sensa ya hewa nimeisafisha pia. Nikamwomba asome kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza: kwenye silensa asilimia 24, kwenye mizunguko 2,500 asilimia 5 tu. Ninavyoelewa, hiyo ni dalili ya tundu baada ya sensa, maana kwenye silensa hewa ya wizi, isiyopita kwenye sensa, ni sehemu kubwa ya hewa yote. Pampu dhaifu ingesumbua zaidi kwenye mwendo.

Mpira wa busta ya breki (kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa hewa wa enjini) nimeubana kwa koleo, hakuna tofauti. Sasa nashuku gasketi ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Jirani ananiambia nipulizie petroli hapo enjini ikiwaka ili nione tundu lilipo. Hilo sifanyi, eksozi ya moto ipo pale pale.

Kuna fundi hapa Mwanza mwenye mashine ya moshi ya kutafuta matundu? Kama hakuna, nikipuliza maji kidogo kidogo kwenye gasketi nitaona silensa ikibadilika? Asubuhi napeleka watoto shule na gari hili, nina wasiwasi sana.