Gari la taka linaruka nyumba yangu tu, Jumanne ya pili sasa. Nakosea wapi?

Mgeni_wa_Texas: Wakuu habari za usiku. Nina miezi miwili tangu tuhamie Texas na familia, tumepanga nyumba. Tulikuta mapipa mawili ya magurudumu: jeusi la taka za kawaida, la kijani la makopo na makaratasi. Kule Mbagala nilizoea gari linapiga honi, unatoka mbio na kiroba chako, vijana wanakidaka. Hapa hakuna honi wala vijana. Jumanne mbili mfululizo majirani wote wamezolewa, mimi pipa jeusi nimeachiwa limejaa pomoni. Ndani mna vichwa vya changu vya Jumapili, na jua la huku mnalijua. Mke wangu hafungui tena dirisha la jikoni. La kijani nalo wamelibandika karatasi, nilichoambulia ni kwamba lina uchafu. Pipa la taka kuwa na uchafu ni kosa? Naombeni msaada.

Kunguru_Mzoefu: Pole mkuu. Unayaweka wapi hasa, na yanaangalia wapi?

Mgeni_wa_Texas: Kando ya barabara, pembeni ya sanduku la barua. Nayabananisha yasianguke. Mpini naugeuzia barabarani ili wapate pa kushika.

Dada_Ubungo: Kaka, wa kushika hayupo 😂 Dereva yuko peke yake na hashuki. Anabonyeza, mkono wa chuma unatoka ubavuni mwa gari, unalikumbatia pipa na kulibinua juu. Sasa wewe umelibananisha na sanduku la barua, mkono upite wapi? Akijaribu atang'oa na sanduku, kwa hiyo anakupita. Magurudumu na mpini vielekee nyumbani kwako, kifuniko kifungukie barabarani. Kati ya pipa na pipa, au pipa na gari lililoegeshwa, acha kama futi 3 au 4. Mimi napiga hatua moja ndefu. Na kifuniko kifunge kabisa. Kutoa ni jioni ya kuamkia siku yenyewe, kurudisha ni siku hiyohiyo, maana kuna mitaa wanatoza faini pipa likilala nje.

Vichwa vya samaki funga mfuko, weka friza hadi Jumatatu usiku. Mama mkwe alikuja kututembelea akashangaa tunagandisha takataka, lakini nzi hatuwajui.

Brooklyn_Baharini: Nyie mna raha na mapipa yenu. New York tulikuwa tunarundika mifuko kando ya barabara, panya wanajichagulia. Ni Novemba 2024 ndipo nyumba ndogo, za familia 1 hadi 9, zilipolazimishwa kutumia mapipa yenye vifuniko.

Mwisho_wa_Reli: Mgeni, hilo la kijani niachie mimi, nilisimama kwenye mkanda wa kuchambua hizo taka miaka mitatu. Makopo uliyafunga kwenye mfuko wa plastiki?

Mgeni_wa_Texas: Ndiyo, mfuko mweusi, nikaukaza vizuri. Niliona ndiyo ustaarabu.

Mwisho_wa_Reli: Basi hapo ndipo ulipokosea. Mifuko inajisokota kwenye vyuma vinavyozunguka, kama nywele kwenye kitana. Mashine inazimwa, tunapanda na visu kukata, nusu saa nzima kiwanda kimya na msimamizi amenuna. Mimina makopo na chupa vikiwa huru. Suuza kidogo tu, si lazima ving'ae. Boksi la pitsa lililolowa mafuta tupa kwenye jeusi. Na betri ya simu usiweke kwenye pipa lolote, ikipondwa inawaka. Tulishakimbia moto mara mbili. Zina sehemu zake za kupeleka, hata maduka makubwa ya vifaa huwa wanapokea.

Kunguru_Mzoefu: Halafu wiki yenye sikukuu angalia ratiba ya mji wako, sehemu nyingi siku inasogea mbele.

Mgeni_wa_Texas: MREJESHO. Leo Jumanne saa moja na nusu asubuhi nimesimama dirishani na chai. Mkono umetoka, umelikumbatia jeusi, umelitikisa mara mbili, umelirudisha palepale. Mwanangu kapiga makofi. La kijani zamu yake ni wiki ijayo. Kuna boksi la godoro kubwa kuliko pipa lenyewe, nilisimamishe pembeni?

Dada_Ubungo: Hapana kaka, mkono hauokoti cha pembeni. Likate vipande, uvitie ndani vikiwa bapa.

Mgeni_wa_Texas: Naenda kutafuta kisu.