Eti sufuria zangu ZIMEVIMBA baharini!! Huyu wakala wa mizigo anatuona sisi mandondocha?

Mama Vyombo

Wakuu salamu baadaye. Nimetoka sasa hivi godauni kwa yule bwana, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, yule anayepiga picha kapandisha mguu mmoja kwenye kontena anaandika "Mungu ni mwema wapendwa mzigo umeingia". Huyo huyo. Naandika niko ndani ya bajaji mikono inatetemeka, dereva ananiuliza dada umefiwa?

Nimeambiwa mzigo wangu umevimba.

Narudia kwa waliokaa nyuma. Nilinunua sufuria za alumini na mabakuli ya stili Guangzhou, mwenye duka akapeleka katoni kwenye godauni la huyu bwana hukohuko China, wakapima, wakanitumia picha na risiti, kila katoni ina shipingi maki yangu, ile alama ya mwenye mzigo, imeandikwa kwa makapeni kubwa hata kipofu anaiona, jumla CBM (mita za ujazo) mbili na vipointi. Nikapiga hesabu zangu, bei ya jumla nikapanga, kuna wateja wa Morogoro washanitumia advansi. Leo naenda kuchukua mzigo wangu kwa raha zangu naambiwa lipia CBM tatu. Nikasema kaka risiti hii hapa, imetoka kwako, mhuri wako, inasema mbili. Akavua miwani, nadhani hata mama yake mara ya mwisho kuyaona yale macho ni siku anamzaa, akanitazama kwa huruma, mbele ya watu wamejaa pale, akasema "Dada'angu, bahari ina unyevu. Mzigo umevimba."

SUFURIA. Zimevimba.

Na wale vijana wa kupakua mizigo wakacheka, kuna mmoja alikaa chini kabisa kwenye paleti ya mtu akashika mbavu. Na mimi nimesimama pale nimevaa vizuri, nimepaka wanja, nimekuja na Fuso limenisubiri nje linahesabu masaa, naambiwa alumini imevimba.

Mimi huyu bwana nimemvumilia sana. Mzigo ulipochelewa alisema Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, wamefunga Bahari ya Shamu. Nikakaa kimya. Shoga yangu wa mapazia mwaka 2021 aliambiwa na huyu bwana ni ile meli Ever Given imeziba mfereji wa Suez, akakaa kimya naye. Mwaka mpya wa Kichina huyu bwana anausherehekea kila baada ya miezi mitatu, kila ukimpigia "dada Wachina wamefunga". Voisi zangu hazisikilizi, ukimtumia meseji ya kuulizia mzigo hajibu, ukituma ya kuulizia bei anajibu kabla hujamaliza kuandika. Yote nikasamehe. Lakini hili la kuvimba hapana.

Nikamwambia haya tupime upya hapahapa. Akaita kijana na tepu. Wakuu, ile tepu haikugusa katoni hata mara moja. Kijana kaishika hewani, anapima katoni pamoja na kivuli chake, pale katoni ilipobonyea anaruka, pale kamba ilipofungwa fundo ndio anaweka namba. Akamaliza akapima na paleti ya chini. Ningesogea karibu angenipima na mimi. Halafu anaita namba kwa sauti ya mnada na bosi anaandika huku anatikisa kichwa kama anasikitika vile, "umeona dada, umevimba."

Nikauliza chuma kinavimbaje? Akasema unyevu. Stili je? Unyevu. Nikamwambia kaka mimi nazipikia hizi sufuria, zinakaa na maji na moto, hazijawahi kuvimba hata siku moja. Akajibu, na hapa ndipo nilipotaka kumrukia, akasema "dada hayo ni maji matamu."

Na akaongeza kuanzia kesho storeji inaanza kuhesabu. Kwa hiyo mzigo umelala kule unaendelea kuvimba na mimi nalipia chumba cha kuvimbia.

Sijalipa. Siombi ushauri na asije mtu hapa kuniambia ungesoma masharti nyuma ya risiti, nyuma ya risiti kuna Kichina na picha ya panda. Nataka tu kujua kuna mwingine amevimbishiwa au ni mimi peke yangu.

---

Fupa la Ng'ombe
Siti ya mbele nimewahi. Dada pole sana ila nimecheka mpaka wife kaamka anauliza nani kapiga meseji usiku huu.

Chapa Lapa
Maji matamu 😂😂😂 huyo jamaa namjua bila hata kutajwa. Mimi niliagiza vioo vya kujitazamia, vimefika vipande vipande, akaniambia vimezaana.

Shangazi wa Kariakoo
Na bado alikutoza kwa kila kipande?

Chapa Lapa
Alitaka. Nikamwachia mzigo na laana.

Fundi Rula
Tuache utani dakika moja, niwaonyeshe mchezo wenyewe. CBM ni urefu mara upana mara kimo, kwa mita. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12. Sasa kijana akishika tepu hewani akaongeza sentimita tano tu kila upande, inakuwa 65 kwa 55 kwa 45, hiyo ni 0.16. Sentimita tano haionekani kwa macho lakini imekuongezea theluthi nzima ya bili. Mbili na vipointi zinakuwa tatu hivihivi bila hata unyevu. Na kontena la futi 40, lile la kimo kirefu, ndani lina CBM 76 tu, na kwa katoni mchanganyiko hulijazi lote. Mizigo yote ingevimba hivyo mlango ungefumuka kabla ya kufika Sri Lanka, samaki wangekuwa wanapikia sufuria zako sasa hivi.

Mama Vyombo
NDICHO NILICHOMWAMBIA!! Nikamwambia kama yangu imevimba na ya wenzangu imevimba kontena lilitoshaje? Akasema "ndio maana kuta zake zina mikunjo dada, linatanuka."

Fupa la Ng'ombe
Nakufa jamani. Huyu mtu apewe uwaziri.

Nahodha Mstaafu
Msicheke kila kitu vijana. Nimekaa melini miaka mingi, unyevu wa kontena upo. Mchana bati linachemka, usiku linapoa, ule mvuke ulioko ndani unageuka maji juu na kuanza kudondoka, inanyesha kabisa humo ndani. Katoni zinalowa, zinalegea, zinatoa tumbo. Ndio maana wenye akili wananing'iniza mifuko ya kunyonya unyevu ukutani kabla ya kufunga mlango.

Shangazi wa Kariakoo
Nahodha, katoni ikilowa inasinyaa inakaliwa na ya juu yake. Haiongezeki urefu, upana NA kimo.

Chapa Lapa
Wakala kaingia na ID ya pili. Vua miwani tukuone.

Nahodha Mstaafu
Nyie watu hamfundishiki.

Kontena Zima
Mleta uzi CBM tatu ndio umetetemeka mpaka kwenye bajaji? Sisi tunashusha futi 40 kila mwezi, mzigo wa kuchangia kontena ni wa wanaoanza. Kusanya mtaji uagize lako, hati ya meli, ile BL, inaandikwa jina lako, mawasiliano unafanya mwenyewe. Kwenye kuchangia BL ina jina la wakala, bandarini wewe hata hutambuliki, ni yeye tu na risiti yake ya panda.

Mama Vyombo
Kontena zima la nini baba, la maneno?

Shangazi wa Kariakoo
Ila hapo kwenye BL kasema kweli, mbaya wake ni madaha tu. Ndio maana hata karatasi ya TRA, mamlaka ya mapato, huioni, unaambiwa bei ni mpaka mlangoni ushuru humohumo. Vyombo vya nyumbani forodha kuna ushuru wa forodha halafu VAT asilimia 18 inapiga juu ya hiyo jumla, yeye kalipa ngapi na kwa jina la bidhaa gani ni siri yake na Mungu wake. Juzi kati nasikia kontena lilishikwa mtu kaandika vitenge ni "matambara", waliochangia wote wakakaa nje, hata mwenye midoli yake halali.

Mjuzi wa Ramani
Mimi nimekwama kwa Wahouthi. Meli inatoka Nansha, bandari ya Guangzhou, inapita mlango wa Malaka inakata Bahari ya Hindi inakuja Dar. Bahari ya Shamu iko kule juu, inaifuata ya nini? Alikuwa anapeleka sufuria kuhiji kwanza?

Fundi Rula
Kuna ukweli kidogo. Walipoanza kushambulia meli Novemba 2023 kampuni nyingi za Asia kwenda Ulaya zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka, meli na makontena yakawa adimu kila mahali na bei ikapanda hata kwa ambao hawapiti kule. Lakini kusema meli YA Dar imezuiwa Shamu, hapo kakuona umeishia la nne.

Binti Unguja
Mie nipo London na huku ndo kweli hao Wahouthi walituponza. Nlipeleka pipa Unguja, nguo za Idi ndogo za watoto wa dada'angu na viatu na chokoleti. Limefika Idi kubwa ishapita. Watoto washakuwa, viatu haviwaingii.

Fupa la Ng'ombe
Kumbe waliovimba ni watoto.

Binti Unguja
Na chokoleti zimeyayuka zimeganda na nguo. Kanzu ya kaka'angu ina ramani ya Afrika mgongoni.

Kijana wa Kamukunji
Nyinyi mnalia na tepu. Sisi huku Kenya 2019 tuliambiwa mzigo wa kuja Nairobi lazima upande reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Embakasi, Nairobi, upende usipende, ikifika unatafuta lori tena ya kuitoa huko, unalipa njia mbili kwa mzigo mmoja. Madereva wa malori Mombasa wakakosa kazi, mahoteli ya barabarani yakafungwa. Mpaka Ruto alipoapishwa Septemba 2022 ndio akarudisha hiyo kazi ya kutoa mizigo Mombasa. Hiyo ndio kuteseka, si sufuria.

Mjuzi wa Ramani
Wakenya hamuwezi kuona uzi wa mtu mkaupita salama.

Kijana wa Kamukunji
Angalau kwetu mzigo haivimbi.

Kaka Lushois
Weye Mama Vyombo uko na bahati, katoni yako ilifika. Ya kwetu Lubumbashi inatoka Dar, inapita Tunduma, inavuka Zambia yote, halafu inakuja kulala ku mpaka wa Kasumbalesa, foleni ya malori haina mwisho. Dereva anapikia pale, anafua pale, mwingine alipata na mke pale pale.

Chapa Lapa
Na Kaka Lushois bado mnatushinda sisi, angalau dereva kaoa.

Mama Vyombo
Jamani uzi wangu ni wa SUFURIA. Kanitumia voisi sasa hivi, anasema nikilipa leo ananipunguzia "gharama ya uvimbe". Ina jina kabisa!!

Kontena Zima
Ndio hapo mwenye kontena lake anapocheka.

Mzee wa Tandale
Binti Unguja samahani, hilo pipa ni lile la bluu la plastiki la lita 210? Mnanunua bei gani huko?

Binti Unguja
Ndo hilo hilo. Bei inategemea, mengine ya kiwanda yashabeba juisi, hayo rahisi. Wakala anatoza kwa pipa, hapimi hata na tepu, jaza mpaka lifunge.

Shangazi wa Kariakoo
Ona sasa! Bei kwa pipa. Pipa halivimbi na halibishaniwi.

Mzee wa Tandale
Na likishafika huku mnalifanyia nini?

Binti Unguja
Bi mkubwa anahifadhia maji. Anayo matatu ukumbini, wageni wanakaa juu yake.

Chapa Lapa
Mimi ninalo moja Mbagala natoa elfu thelathini, limetumika ila halivuji.

Mzee wa Tandale
Lina mfuniko na ile pete yake ya chuma?

Chapa Lapa
Mfuniko upo. Pete alichukua dogo anachezea gurudumu.

Mzee wa Tandale
Bila pete nakupa ishirini. Lilibeba nini mwanzo, isije ikawa sabuni nikanywa povu.