Naomba ushauri: tiba ya mwanga kwa mgonjwa wa soriasisi

Ndugu zangu, mama yangu mzazi anaishi na soriasisi, ugonjwa sugu wa ngozi, kwa miaka mingi. Magamba meupe yamemshika viwikoni, magotini na kichwani, na krimu za steroidi humpa nafuu ya muda tu huku zikimwachia ngozi nyembamba. Daktari amependekeza dawa ya methotrexate, ambayo humezwa mara moja kwa wiki na kuhitaji vipimo vya damu na ini mara kwa mara, lakini mwenyewe anaihofia. Je, yupo aliyetibiwa kwa mwanga wa UVB (aina ya miale ya urujuanimno), ambao huhitaji mahudhurio mawili au matatu kwa wiki, au kwa marhamu ya lami ya makaa ya mawe? Naomba kufahamishwa hospitali za Tanzania zenye mashine ya mwanga huo, gharama zake, na kama bima inalipia. Dawa za kuchemsha tuziache, tafadhali. Ameshakunywa za kutosha.