Tupeane uzoefu: kupiga picha za radi nyanda za juu za Colorado na Kansas

Mwanzisha uzi (Aurora)

Wakuu, habari za majukumu. Msimu ndio huu. Kuanzia Juni mawingu yanajikusanya juu ya milima ya Rocky mchana, saa tisa au kumi yanashuka huku tambarare, na mara nyingi usiku yanakuwa yameshasogea upande wa Kansas. Hapa Aurora, Colorado, tuko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ukitazama mashariki hakuna kinachoziba. Wingu unaliona lote, kuanzia kwenye mvua mpaka kileleni.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiona umeme ndipo nabonyeza. Kadi nzima ikajaa picha za giza. Kilichonisaidia ni kuacha shata, yaani kile kilango cha mwanga cha kamera, wazi: tripodi, ISO 100 (kamera isivute mwanga mwingi), f/8 (tundu la lenzi la wastani), sekunde 20, ikiisha moja naanza nyingine bila kupumzika. Radi ikipiga ndani ya sekunde hizo inajichora yenyewe. Leteni na yenu, hasa mnasimama wapi na mnajilindaje.

Greeley, Colorado

Mkuu, mimi ninaenda Pawnee, kule kwenye mbuga ya nyasi. Usiku mmoja mvua ilikuwa mbali kabisa, juu yangu nyota zinawaka. Nimeinama kwenye kamera nikasikia seng'enge ya ranchi pembeni inalia, sauti nyembamba kama ya nyuki ndani ya chupa. Nywele za mkono zikasimama. Niliacha kila kitu pale pale nikaruka ndani ya gari. Sijamaliza kufunga mlango, pakawa peupe. Kamera ilipona, ila ile picha ni nyeupe tupu, na sijaifuta mpaka leo.

Wakuu, radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka penye mvua. Siku hizi nahesabu: sauti inatumia kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Ngurumo ikinifikia kabla ya sekunde 30 kuisha tangu nione mwanga, niko ndani ya gari na vioo vimepanda.

Garden City, Kansas

Ndugu zangu, mimi nimeacha kwenda mbele ya wingu. Naliacha linipite, halafu naligeukia mgongoni. Hapo ndipo unapata ule umeme unaotambaa chini ya wingu kama mizizi, polepole mpaka unaufuata kwa macho, upeo mzima wa anga. Lenzi pana, na ghala la nafaka mbele ili mtu aone ukubwa wa kitu chenyewe. Picha zangu nzuri zote zimetoka hapo, wala siyo kwenye kukimbizana.

Jambo jingine ni fokasi, yaani ukali wa picha. Gizani kamera inahangaika yenyewe. Tafuta taa ya mbali, zile nyekundu za mitambo ya upepo zinafaa sana, ikuze kwenye kioo cha kamera mpaka iwe nukta kali, kisha zima otomatiki na ubandike pete ya lenzi kwa selotepu. Nililijua hilo baada ya kurudi nyumbani na picha 140, zote ukungu.

Limon, Colorado

Kaka zangu, msisahau mvua ya mawe. Kioo cha mbele cha gari langu kilipasuka nikiwa na watoto wawili nyuma, na barabara ya udongo ilikuwa imeshageuka tope, sina pa kugeuzia. Siku hizi siachi lami. Kabla ya kuegesha naangalia rada kwenye simu, na naelekeza gari upande wa kutokea.

Tripodi nimeiacha nyumbani. Naweka mfuko wa maharage kwenye dashibodi, kamera inalala juu yake, injini nimezima isitikisike, kioo nimekifuta kwa ndani. Napigia humo humo.

Mwanzisha uzi (Aurora)

Dada, hilo la maharage sikuwahi kuliwaza. Jumamosi nashika barabara ya 36 mpaka Byers, mashariki mwa hapa, nalisubiri wingu linipite kama alivyosema ndugu wa Garden City. Maharage kilo mbili yanatosha, au niongeze?