Binadamu ni mbaya tangu azaliwe ama ni siasa inamharibu?

MseeWaSteji: Wasee, jana jioni tao laini ya mathree ilikuwa imetulia, kila mtu anajua ako nyuma ya nani. Mvua ikaanza, nauli ikaruka kutoka 50 hadi 100, na laini ikaisha hapo hapo, msee wa suti na tai anaingilia dirishani nikiona. Kama ni hivi kwa kiti cha mathree, kiti cha bunge je? Mwanafalsafa Hobbes wa Uingereza aliandika 1651 ati bila serikali yenye nguvu watu watamalizana. Rousseau, mwanafalsafa mwingine, 1755 akasema mtu alikuwa sawa tu, mpaka mmoja alipozungushia shamba ua akasema ni langu. Mko upande gani?

Kijana_Umoja: Hobbes aliishi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko kwao, lazima angeogopa. Lakini hapa Kenya, fujo za baada ya uchaguzi 2007/08, walikufa watu zaidi ya 1,000 na serikali ilikuwepo. Majirani walikuwa wameombana chumvi miaka yote, hawakuamka tu 30 Desemba, siku matokeo yalitangazwa, wakiwa wanyama, kuna watu waliwachochea.

Shiro254: Mathe wangu ako kwa chama ya kuchanga pesa ya wamama 14 tangu nikiwa darasa la tatu. Hakuna polisi. Ukichelewa kuleta ni faini ya 50, mweka hazina anabadilishwa kila mwaka, na pesa inahesabiwa mbele ya wote kabla chai haijamiminwa. Na si ati ni malaika, mmoja ako na sufuria yetu mpaka leo 😂 Kuna mama Mmarekani, Elinor Ostrom, alipata Nobel ya uchumi 2009 kwa kuchunguza mambo kama haya, venye wanakijiji wanachunga misitu na maji yao wenyewe. Aliona inashika pale wanaotumia ndio wanajiwekea sheria, wanachungana, na faini inaanza kidogo.

BabaNjeri: Shiro uko sawa, lakini hao ni 14. Sensa ya 2019 tulikuwa zaidi ya milioni 47, nani atanihesabia pesa ya kaunti mbele yangu? Katiba ya 2010 tuliweka Sura ya Sita yote ya uadilifu, ni kama tulijua tutachagua kina nani, na bado tukawachagua.

Kijana_Umoja: @MseeWaSteji kwani wewe ulifika home aje?

MseeWaSteji: Na hiyo hiyo mathree. Dirisha la nyuma.